Dakika Nne Nyuma

Kila Jumamosi, saa nane mchana, Bohumil
hupanda vipandio sitini na vitatu vya mnara wetu
kuitia ufunguo saa ya kanisa asilosali.
Dirishani, palipokuwa na vijiji vitatu,
kuna shimo la makaa ya mawe, jicho halilimalizi.

"Mimi nimechimba," huniambia, "miaka thelathini na mmoja.
Nimeona jani lililogandamana na jiwe
kabla mtu hajapata jina la kumwita mtu.
Mungu wako sikumkuta, Vlasta. Nilikuta maji, na gesi,
na mguu wa Zbyněk chini ya gurudumu."
Hamung'unyi maneno.
Nami, mpeleka barua mstaafu, mmoja wa waumini saba
(sita, Bibi Květa akibanwa na viungo),
humtilia ramu kwenye chai, nikanyamaza.

Jina lake, kwa lugha yetu, ni Mpendwa wa Mungu.
"Kosa la karani," husema, akicheka mpaka akohoe.

Zamani nilimjibu. Nilibeba hoja
kama nilivyobeba barua: mlango kwa mlango,
bila kujua kilichomo ndani.
Nilimwambia saa haikujiunda yenyewe.
"Kweli," akasema. "Iliundwa na fundi wa Liberec,
na anayeitengeneza ni mimi. Tuendelee?"

Kisha Drahomíra akafa, Machi ya mwaka juzi,
katika wodi ambayo dirisha lake hutazama ukuta.
Bohumil aliniuliza mara moja tu,
bila ubishi, kofia mkononi:
"Alikuwa wapi?"
Nami niliyekuwa na majibu ya kujaza mfuko wa posta
nikapekua, nikapekua,
nikakuta mkono wangu. Nikamshika wake.
Hilo si jibu. Ndilo nililokuwa nalo.

Usiku ule nilipiga magoti nikaona haya:
yeye anamkataa Mungu kwa uchungu
wa mtu aliyemngoja mlangoni,
mimi namkubali
kama watu wanavyoikubali hali ya hewa.

Januari hii goti lake likavimba,
ikabidi nipande mimi.
Barafu kwenye vipandio. Njiwa. Harufu ya grisi.
Na nyuma ya mtambo, ukutani, kwa chaki,
hesabu zake za miaka: tarehe, nyuzi za baridi,
sekunde zilizopotea, sekunde zilizozidi;
halafu, Jumamosi ya kwanza baada ya mazishi,
kwa mwandiko uleule wa mpima mgodi:
*Leo nimesema kwa sauti. Hakuna aliyejibu.
Nitasema tena Jumamosi.*
Iliyofuata: *Hakuna.*
Iliyofuata: *Hakuna. Upepo.*
Nikazihesabu hizo hakuna. Tisini na nne.

Nilikaa juu ya debe la grisi.
Mimi, niliyebatizwa kabla sijaota jino,
sijapata kumwita Mungu mara tisini na nne
nikakosa jibu, na bado nikarudi.
Tumefundishwa kwamba kila amtafutaye
alikwisha kutafutwa kwanza.
Nilikuwa nikiisema hiyo kanisani, kwa sauti nzuri.
Sikujua kwamba Bwana anaweza kupenya
katika ufa mwembamba kiasi kile,
kati ya "hakuna" na "Jumamosi".

Sikufuta kitu. Sikuchora hata msalaba mdogo.
Niliitia saa ufunguo, mizunguko arobaini,
nikateremka, vipandio vitatu vya mwisho kwa matako.

Jioni simu ikalia.
"Dakika nne nyuma, Vlasta! Mnangojaje umilele
nanyi kuhesabu hamjui?"
"Pona," nikasema, "urudi urekebishe."
Kimya. Nilisikia birika lake likichemka.
"Huko juu," akauliza,
kama anayeulizia njiwa,
"kulikuwa na mtu?"
"Upepo," nikasema.

Akaelewa kwamba nimesoma.
Birika likalia mpaka likachoka,
na kati yetu wawili
hakuna aliyekata simu.